Fidia, Dia na Ridhaa: Msamiati wa Malipo kwa Mwathiriwa wa Uhalifu

1. Utangulizi

Mtu aliyekatwa panga na wezi, mjane ambaye mumewe ameuawa, na binti aliyebakwa hufanana katika jambo moja wafikapo mahakamani: kesi inayoendeshwa kwa sababu ya madhara yaliyowapata si kesi yao. Katika Tanzania Bara na Kenya, shauri la jinai ni la Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Jina la aliyeumizwa halimo katika anwani ya shauri, na nafasi yake humo ni ya shahidi. Mshtakiwa akitiwa hatiani na kutozwa faini, faini huingia serikalini. Akifungwa, gharama za kumlinda na kumlisha hubebwa na umma, ambao aliyeumizwa naye ni mmoja wao. Lakini gharama za hospitali, siku za kazi zilizopotea na malezi ya yatima hubaki kwa wenyewe, isipokuwa pawepo utaratibu wa kuwalipa.

Utaratibu huo kwa Kiswahili huitwa fidia. Kwa msikiaji wa kawaida neno hili halina utata. Hata hivyo, likitazamwa kwa makini, huonekana kuwa limebeba mizigo kadhaa kwa wakati mmoja, na kwamba limezungukwa na maneno mengine, kama vile dia, ridhaa, faini, malipo na kifuta machozi, ambayo mara nyingine huchukua nafasi yake bila ya msemaji kutanabahi kuwa maana imebadilika.

Madhumuni ya mhadhara huu ni kuchunguza msamiati huo kwa kufuata maswali matatu: malipo hayo yaitweje, anayeyapokea aitweje, na anayeyatoa ni nani. Hoja inayojengwa ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika uwanja huu. Kilichopungua ni mgawanyo wa kazi baina ya maneno yaliyopo, na upungufu huo humgusa mtu mwenye haki moja kwa moja, kwa kuwa jina la malipo ndilo linalomweleza kama anachopewa ni haki yake, ni hisani, au ni bei ya kunyamaza kwake.

Uchunguzi huu una umuhimu wa kipekee kwa wakati uliopo. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Neno ambalo mfasiri wa sheria analichagua leo ndilo litakalosomwa na hakimu kesho, na ndilo atakalolisikia mjane aliyekaa nyuma ya chumba cha mahakama.

2. Fidia: kutoka ukombozi hadi haki

Neno fidia limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kukomboa. Maana ya msingi ni kitu kitolewacho ili mtu au kitu kiachiliwe: mateka hukombolewa kwa fidia, na nafsi hukombolewa kwa fidia. Maana hiyo bado ni hai katika lugha ya dini zote mbili kubwa za Afrika Mashariki. Mwislamu asiyeweza kufunga kwa sababu ya uzee au maradhi yasiyotarajiwa kupona hutoa fidia kwa kumlisha maskini. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, neno hilohilo limetumika katika Mathayo 20:28, ambapo Yesu anaeleza sababu ya kuitoa nafsi yake.

Katika matumizi hayo yote, mwelekeo wa neno ni mmoja. Fidia humhusu zaidi anayetoa, au yule anayetolewa: yeye ndiye anayefunguliwa kutoka katika kifungo, deni au wajibu. Anayepokea hana uzito mkubwa katika maana hiyo. Maskini anayelishwa kwa fidia ya saumu hakudhurika kwa jambo lolote; yeye ni njia tu ya kutimizia wajibu wa mwingine.

Katika lugha ya sheria ya leo mwelekeo umegeuka. Fidia ni malipo yanayopimwa kwa hasara ya anayepokea: mkono uliokatwa, mali iliyoibwa, kipato kilichokatika. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 107A iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 2000, imeiweka fidia kati ya kanuni ambazo mahakama zitazifuata katika mashauri ya madai na ya jinai. Hapo fidia haimfungui mtu yeyote. Humrudishia mtu sehemu ya kile alichopoteza.

Mgeuko huo ni wa kawaida katika historia ya maneno, na haungekuwa na madhara kama maana ya kale ingekwisha. Lakini haijaisha. Mara kwa mara huko mitaani familia ya mtuhumiwa huenda kwa familia ya aliyeumizwa ikiwa na fedha, na fedha hizo huitwa fidia. Kinachokusudiwa ni maana ya kwanza: fedha zitolewe ili kijana wao aachiliwe na kesi ifutwe. Anayezipokea anaweza kuamini kuwa amepata maana ya pili, yaani malipo ya hasara yake, na kwamba Jamhuri bado itaendelea na kesi. Pande mbili zimekubaliana kwa neno moja juu ya mambo mawili tofauti. Kutoelewana huko hujitokeza mahakamani, pale shahidi mkuu anapokosekana.

3. Dia, kisasi na kitenzi lipa

Kabla ya mahakama za kikoloni kuleta mgawanyo wa madai na jinai, pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na neno mahususi la malipo ya damu, nalo ni dia. Kamusi za zamani za Kiswahili zililiorodhesha kwa maana ya mali inayotolewa kwa ajili ya mtu aliyeuawa. Asili yake ni fikihi ya Kiislamu, ambamo dia kamili ya mtu hutajwa kuwa ngamia 100 au thamani yake.

Mambo matatu katika utaratibu wa dia yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, dia huenda kwa warithi wa marehemu. Haiendi kwa mtawala. Pili, katika mauaji ya bahati mbaya anayelipa si muuaji peke yake. Jamaa zake wa upande wa baba, waitwao akila, hushirikiana naye. Tatu, wapo wanazuoni waliosema kwamba muuaji asipojulikana, hazina ya Waislamu ndiyo ilipe, ili damu ya mtu isipotee bure. Kwa hiyo wazo la kwamba jamii ilipe pale mkosaji asipopatikana, ambalo mara nyingi huelezwa kuwa ni zao la karne ya 20, lina mizizi ya kale katika mojawapo ya mifumo ya sheria ambayo Waswahili wameifahamu kwa karne nyingi.

Jirani wa dia ni kisasi, nalo ni neno ambalo limepata mabadiliko makubwa ya maana. Katika Kiarabu cha wanasheria, asili ya neno hili ni adhabu ya kulinganisha: jino kwa jino, si zaidi, tena kwa hukumu ya kadhi. Kiswahili kimelichukua neno na kuacha mipaka yake. Kisasi cha Kiswahili hakina kadhi wala kipimo. Ni ubaya unaorudishwa na mwenye uchungu. Ndiyo maana mwanafunzi anayesoma maandiko ya fikihi kwa Kiswahili hushangaa kuona kisasi kikisifiwa kuwa ni uadilifu.

Uhusiano wa malipo na kisasi unaonekana pia katika mnyambuliko wa kitenzi lipa. Kutokana na mzizi huo tunapata lipia, lipwa, lipika, lipisha na lipiza, pamoja na nomino malipo. Lipisha na lipiza zote ni za kauli ya kutendesha, lakini zimegawana kazi. Mahakama humlipisha mshtakiwa fedha; mtu hulipiza kisasi. Fedha na damu zimetoka katika kitenzi kimoja, zikatenganishwa na konsonanti moja. Msemo wa kwamba malipo ni hapahapa duniani nao umesimama katikati: haubainishi kama yatakuwa ya fedha au ya mkosi. Lugha inahifadhi hapa kumbukumbu ya wazo la kale, kwamba uhalifu ni deni, na deni lisipolipwa kwa njia moja litalipwa kwa nyingine. Sheria inayomlipa aliyeumizwa, basi, hufanya kazi pia ya kuzuia kisasi.

Dia kama desturi haijatoweka. Kaskazini mwa Kenya, miongoni mwa Wasomali na majirani zao, malipo ya damu yangali yakitumika kupatanisha koo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa malipo yaliyojumuisha ngamia na mbuzi. Hoja ya upande wa mashtaka iliegemea Ibara ya 159 ya Katiba, inayotaka mahakama zikuze njia mbadala za kutatua migogoro, zikiwamo za kimila. Uamuzi huo ulizua mjadala miongoni mwa wanasheria, na kiini cha mjadala kinaweza kuelezwa kwa lugha ya sehemu iliyotangulia: je, ngamia wale walikuwa fidia kwa maana ya kulipa hasara ya wafiwa, au fidia kwa maana ya kumkomboa mshtakiwa? Katika dia maana zote mbili zimo kwa pamoja na kwa uwazi, na kila upande unajua. Tatizo huanza pale utaratibu wenye maana mbili unapopewa jina ambalo sheria ya nchi imelitengea maana moja.

4. Ridhaa: neno moja, nchi mbili

Katika magazeti ya Kiswahili ya Kenya, mtu aliyejeruhiwa au aliyefungwa kimakosa huripotiwa kuwa amelipwa ridhaa. Msomaji wa Tanzania husita hapo, kwa sababu kwake ridhaa ni idhini au kukubali kwa hiari. Matumizi yote mawili yanatokana na maana ya asili, ambayo ni kuwa radhi, yaani moyo kutulia. Tanzania imechukua utulivu wa mtu kabla ya tendo: anaridhia litendeke. Kenya imeongeza utulivu wa baada ya tendo: analipwa hadi aridhike.

Matumizi ya Kenya yana uzuri wake. Yanamweka aliyeumizwa katikati, na kipimo cha malipo kinakuwa moyo wake yeye. Lakini yana hatari katika eneo moja mahususi, nalo ni makosa ya kujamiiana. Katika sheria za makosa hayo, suala linalobishaniwa mara nyingi kuliko yote ni kama palikuwa na ridhaa. Taarifa ikisema kwamba mwanamke alitendewa bila ridhaa, kisha akalipwa ridhaa, neno moja limetumika kutaja kile alichonyimwa na kile anachopewa badala yake. Msikiaji asiye makini anaweza kuelewa kuwa ridhaa iliyokosekana mwanzoni imenunuliwa mwishoni. Hiyo ndiyo dhana ambayo sheria za makosa ya kujamiiana zinakusudia kuiondoa.

Kwa sababu hiyo, waandishi wa sheria na wanahabari watafanya vyema kulihifadhi neno ridhaa kwa maana ya kukubali, angalau katika mashauri ya aina hii, na kutumia fidia kwa malipo.

5. Mhanga, mwathirika au mwathiriwa?

Swali la pili ni la jina la mpokeaji. Maneno matatu hushindana. La kwanza ni mhanga. Kamusi zinalipa maana ya mnyama anayechimba mashimo na kula mchwa, na pia maana ya sadaka au mtu aliyepatwa na maafa. Kujitoa mhanga ni kujitolea nafsi kwa ajili ya jambo. Kumwita mtu aliyeporwa barabarani kuwa ni mhanga ni kumfananisha na sadaka, ilhali hakuna madhabahu wala hiari. Aidha, mhanga hudokeza kwamba mambo yamekwisha: sadaka ikishatolewa hairudishwi, wala haidai kitu.

Maneno mengine mawili yametokana na kitenzi athiri. Mwathirika limejengwa juu ya kauli ya kutendeka, na mwathiriwa juu ya kauli ya kutendwa. Tofauti hiyo ya kisarufi ndiyo kiini cha suala. Katika kauli ya kutendeka, hali huelezwa bila ya mtenda: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka. Msemaji hasemi kuwa kuna aliyekivunja, na mara nyingi anakwepa kusema, kama anavyojua mzazi yeyote aliyewahi kuuliza habari za kikombe. Katika kauli ya kutendwa, mtenda yupo hata asipotajwa: kikombe kimevunjwa.

Kwa hiyo mwathirika linafaa kwa ukame, mafuriko na maradhi, mambo yasiyo na mshtakiwa. Kwa miaka mingi neno hilo lilitumika Tanzania kwa watu wenye virusi vya UKIMWI, kabla ya watu wenyewe kupendelea kuitwa watu wanaoishi na virusi hivyo. Mwathiriwa, ambalo limeenea zaidi Kenya, limejiunga na jamii ya nomino kama mshtakiwa, mtuhumiwa na mteuliwa, ambazo zote hudokeza kuwa kuna mtu mwingine aliyetenda. Palipo na mwathiriwa, pana aliyeathiri.

Ibara ya 107A iliyokwishatajwa imetumia umbo la -athirika. Waandishi wake waliona upungufu wa umbo hilo, au pengine sarufi yenyewe iliwasukuma, kwa kuwa walilazimika kuongeza maelezo kwamba kuathirika huko kumetokana na makosa ya watu wengine. Maneno hayo ya ziada yanafanya kazi ambayo kiambishi cha kutendwa kingeifanya peke yake.

Pingamizi linaweza kutolewa hapa. Uhalifu mwingi haupati mshtakiwa: mwizi hukimbia, muuaji hajulikani. Je, si afadhali kutumia neno lisilohitaji mtenda? Jibu limo katika matumizi ya kila siku. Mtu huibiwa hata kama mwizi hakuonekana, na habari ya kwamba fulani ameuawa na watu wasiojulikana ni sentensi kamili ya Kiswahili. Kauli ya kutendwa haidai mtenda atajwe. Inadai tu kwamba asikanushwe. Hicho ndicho kinachohitajika katika sheria ya fidia. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki kwa waathiriwa wa uhalifu, lililopitishwa na Baraza Kuu tarehe 29 Novemba 1985, linasema kuwa mtu huhesabiwa mwathiriwa iwe mkosaji ametambuliwa, amekamatwa, ameshtakiwa au ametiwa hatiani, au la. Sarufi ya -iwa na kanuni hiyo zinakubaliana kikamilifu.

Azimio hilohilo linawaingiza pia jamaa wa karibu na wategemezi wa aliyedhurika. Kwa kundi hilo Kiswahili kina neno tayari, ambalo lugha nyingi zingelionea wivu: mfiwa. Kitenzi fa hakielekezwi kwa mtu mwingine, lakini kikipata kauli ya kutendea na kisha ya kutendwa hutoa fiwa, yaani kuondokewa na mtu kwa namna ambayo kifo chake kinakugusa wewe. Mfiwa si marehemu, wala si mtazamaji. Ni mtu ambaye kifo cha mwingine kimempata. Mtunga sheria anayetafuta neno la mwathiriwa asiye wa moja kwa moja katika shauri la mauaji hana haja ya kuunda istilahi mpya.

6. Nani alipaye?

Azimio la 1985 lilitumia istilahi mbili tofauti katika lugha ya Kiingereza: moja kwa malipo na marejesho yanayotolewa na mkosaji, nyingine kwa malipo yanayotolewa na dola pale yale ya mkosaji yasipotosheleza. Katika Kiswahili zote mbili kwa kawaida hufasiriwa kwa neno fidia. Hapa ndipo mgawanyo wa kazi unapohitajika zaidi.

Njia ya kwanza, ya mkosaji kulipa, imo katika sheria za Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, kwani mahakama za jinai zilipewa uwezo wa kuamuru fidia pamoja na adhabu. Tanzania Bara ilikwenda mbele zaidi kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Mtu anayetiwa hatiani kwa kubaka hupata adhabu kubwa ya kifungo, kwa kawaida kisichopungua miaka 30, na mahakama hutakiwa pia kuamuru amlipe fidia aliyetendewa, kwa kiasi ambacho mahakama itakipanga. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo inampa mwathiriwa haki ya kulipwa na mkosaji.

Udhaifu wa njia hii hauhitaji takwimu ili uonekane. Mtu aliyefungwa miaka 30, asiye na shamba wala nyumba, ameamriwa kulipa kitu ambacho hana na hatakipata. Amri ya fidia inabaki katika jalada. Mwathiriwa amepewa haki ya kumdai mtu ambaye dola yenyewe imemwondolea uwezo wa kulipa.

Ni udhaifu huo uliomfanya Margery Fry, Mwingereza aliyepigania marekebisho ya magereza, adai katika miaka ya 1950 kwamba dola ibebe jukumu hilo. New Zealand ilitunga sheria ya kwanza ya kisasa ya aina hiyo mwaka 1963. Uingereza ilianzisha mpango wake mwaka 1964, na jimbo la California likafuata mwaka 1965. Marekani kwa ujumla ilianzisha mfuko wa taifa kwa sheria ya mwaka 1984. Mfuko huo unastahili kuangaliwa na Waafrika Mashariki, kwa sababu hutegemea hasa faini na adhabu za fedha zinazotozwa katika mashauri ya jinai ya serikali kuu, wala hautegemei kodi ya mwananchi. Kwa maneno mengine, faini, ambayo kwetu huishia hazina, huko hugeuzwa kuwa fidia. Kenya imejenga msingi wa wazo la mfuko kwa kuunda, katika Sheria ya 2014, mfuko wa amana kwa ajili ya waathiriwa.

Ili tofauti hizi zionekane katika lugha, inapendekezwa kwamba kurudishwa kwa mali yenyewe iliyochukuliwa kuitwe marejesho. Malipo yanayoamriwa dhidi ya mkosaji yaitwe fidia ya mkosaji. Na malipo yanayotoka katika mfuko wa umma yaitwe fidia ya umma. Hakuna neno jipya katika orodha hiyo. Faida yake ni kwamba mwathiriwa akiambiwa amepata fidia ya mkosaji atauliza mara moja kama mkosaji ana mali, na akiambiwa kuna fidia ya umma atajua kuwa mlango wa kubisha ni mwingine.

7. Kifuta machozi na fidia ya ishara

Liko kundi jingine la maneno yanayotaja fedha anazopewa mtu mwenye uchungu: ubani, rambirambi, pole, mkono wa pole. Haya ni maneno ya hisani. Anayetoa hasemi kwamba anadaiwa, na anayepokea hawezi kwenda kudai. Serikali ya Tanzania iliingiza msamiati wa aina hiyo katika sheria pale ilipotunga, mwaka 2011, kanuni zinazojulikana kama za kifuta jasho na kifuta machozi, kwa watu walioharibiwa mazao, kujeruhiwa au kuuawa na wanyamapori wakali. Msimamo unaoelezwa ni kwamba uhai hauna fidia, kwa hiyo kinachotolewa ni cha kufariji tu.

Katika suala la wanyamapori, uteuzi huo una mantiki, kwa kuwa tembo hana kosa. Lakini msemo umetoka porini na kuingia mjini. Hata mtu aliyeumizwa na mtu mwenzake huambiwa apokee kifuta machozi. Muundo wa nomino hii unaeleza yote. Kama kifungua kinywa au kizima moto, ni jina la kifaa linalotaja kitu kinachofanyiwa kazi, na hapa kitu hicho ni machozi. Mguu uliokatwa haumo katika nomino hiyo. Anayekubali jina hilo amekubali kwamba kinachoshughulikiwa ni kilio chake, si hasara yake.

Mfano wa pili unatoka Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya mawasiliano. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro kilishambuliwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Germain Katanga mwaka 2014, na tarehe 24 Machi 2017 ikatoa amri ya fidia kwa waathiriwa 297. Mahakama ilikadiria madhara yote kuwa zaidi ya dola za Marekani milioni 3.7, ikapanga sehemu ya Katanga kuwa dola milioni 1. Kwa kuwa hakuwa na mali, Mfuko wa Amana kwa Waathiriwa, ulioundwa chini ya Mkataba wa Roma, ulibeba mzigo huo. Kila mwathiriwa alipangiwa dola 250 za binafsi, pamoja na fidia za pamoja katika makazi, elimu, shughuli za kujipatia kipato na huduma za kisaikolojia.

Dola hizo 250 ziliitwa za ishara. Mahakama haikudai kwamba zinalingana na nyumba iliyochomwa au mtoto aliyeuawa. Ilitaka kila mmoja atambuliwe kwa jina lake. Kusudio ni la heshima, lakini tafsiri yake ina mtego. Ishara katika Kiswahili ni dalili ya jambo lililopo nyuma au linalokuja: wingu ni ishara ya mvua. Anayeambiwa amepewa fidia ya ishara ana haki, kwa mujibu wa lugha yake, ya kuisubiri fidia yenyewe. Fidia ya utambuzi ingesema wazi zaidi kwamba madhara yametambuliwa, ingawa hayakulipwa yote.

8. Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba neno fidia limegeuka kutoka kumkomboa mtoaji hadi kulipa hasara ya mpokeaji, na kwamba maana ya kwanza bado ina nguvu mitaani. Umeonyesha pia kwamba dia ilikuwa na majibu ya kale kwa maswali yanayodhaniwa kuwa mapya. Kwamba ridhaa ina hatari katika makosa ya kujamiiana. Na kwamba mwathiriwa na mfiwa ni majina yanayolingana na haki kuliko mhanga na mwathirika.

Kazi kubwa bado iko mbele ya wanafunzi wa Kiswahili. Mahakama za Mwanzo za Tanzania zimeendesha mashauri kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na majalada yake ni hazina ya lugha ambayo haijachimbwa vya kutosha. Humo yamo maneno ambayo mahakimu na wananchi wamekuwa wakiyatumia wenyewe kwa malipo haya, kabla ya mfasiri yeyote kuketi na kamusi. Inafaa majalada hayo yasomwe sasa, wakati sheria zikiendelea kuandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu istilahi ikishachapwa katika sheria, kuibadilisha huhitaji Bunge. Na kwa muda wote huo, mwathiriwa atakuwa anadai kwa neno ambalo huenda halimaanishi kile anachokidai.